Chipu ya 1976 iliyonifundisha nilichokikosa chuoni

Alhamisi usiku nilikuwa kwenye foleni ya feri Likoni, Mombasa, simu ikalia. Kijana anayesoma haya ninayoandika kaniuliza: "Kaka, mtu mwenye akili zako wapotezea wakati Z80 ya nini? Chipu ya 1976! Hata Zilog wenyewe walitangaza 2024 kwamba wanaacha kuitengeneza. Si ujifunze kuandika programu kwa Python upate kazi?"

Python naijua, na kazi ninayo. Kilichonichoma ni hilo la "mtu mwenye akili zako." Miaka tisa nyuma, mwalimu mmoja chuoni aliniuliza kumbukumbu ya kompyuta inafanyaje kazi. Nikajibu kama kasuku, maneno ya kitabu. Akauliza tena kwa njia nyingine, nikanyamaza. Akasema kichwa changu ni cha kubebea magunia Kilindini. Darasa zima likacheka, na wa mbele alicheka zaidi. Muhula ule ule niliacha masomo, nyumbani nikasingizia karo.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja fundi wa redio, Majengo. Kazi yangu kwake ilikuwa kumshikia tochi na kumletea kahawa. Siku moja akafungua kopo la maziwa lililojaa vipuri, akanitolea chipu nyeusi yenye miguu 40, Z80.

"Hii haina siri, mwanangu," akasema. "Inachofanya utakiona kwa macho."

Nilidhani ananitania. Simu yako hiyo ina transista, yaani swichi ndogo ndogo za umeme, mabilioni. Z80 ina kama 8,500 tu. Aliyeongoza kuibuni, Federico Faggin, alikuwa ametoka Intel, na ilikuwa ndiyo prosesa, ubongo wa kompyuta, iliyo ndani ya ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya 1982. Biti nane za data (biti ni sifuri au moja), nyaya 16 za anwani (namba za vyumba vya kumbukumbu), maana yake anwani 65,536 na basta.

Jaribio la kwanza halihitaji hata programu. Nyaya zote nane za data unazifunga upande wa hasi kupitia rezista (kipuri cha kubana umeme), ili prosesa kila ikisoma isome sifuri. Kwa Z80, sifuri ni amri: usifanye kitu, nenda anwani inayofuata. Kwenye nyaya za anwani unaweka vitaa vya LED, unaipa polepole mapigo ya saa (pigo moja la umeme huisukuma hatua moja), kisha unakaa kuitazama ikihesabu.

Yangu haikuhesabu. Vitaa viliwaka ovyo, vikasimama, vikaanza tena. Nikapitisha mkono juu yake bila kuigusa, vikabadilika! Wallahi nilihisi ina jini. Nimehangaika nayo siku nne, nikabadilisha waya zote, nikamlaumu mzee kwamba kanipa mbovu. Yeye akavaa miwani, akahesabu miguu kwa ncha ya bisibisi: 16, 17, 24, 25. Zote nilikuwa nimeziacha zikining'inia bila kuunganishwa. Mguu wa 24 ni WAIT, ndio unaoiambia prosesa ingoje. Ukiuacha hewani unaokota umeme wowote unaopita, hata wa mkono wako. Tukaifunga yote minne kwenye volti tano.

Ikahesabu. Moja, mbili, tatu, kwa biti. Kila amri ile ya sifuri hula mapigo manne, na mimi nilikuwa nikiipa mapigo kumi kwa sekunde, kwa hivyo kuzimaliza anwani zote kungechukua zaidi ya saa saba. Nilikaa nayo mpaka adhana ya alfajiri. Swali la yule mwalimu lilikuwa linajijibu mbele yangu: anwani inatoka, data inarudi.

Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa lehemu na kuungua vidole.

Sasa nyinyi mnaotaka kuanza, na najua mwataka. Tafuteni yenye herufi C, Z84C00, kwa sababu zile za zamani hazikubali kupewa mapigo ya polepole namna hii. Miguu ikiwa imeingia ukijani, na kwa hewa yetu ya chumvi itaingia, isugueni kwa ufutio wa penseli. Someni karatasi ya maelezo ya chipu. Msiache mguu wa kuingiza ukining'inia. Na someni ile karatasi! Vijana wa siku hizi mwajua majina ya vifaa mia, ukiwauliza biti moja imekaa wapi mwatazama dari. Mimi pia nilitazama dari, kwa hivyo siwacheki, lakini nitawasema.

Na wewe wa Alhamisi, ni kweli Zilog wameacha. Z80 zilizokwisha kuuzwa bado zipo, na kopo la mzee halijaisha. Juzi kanipa EPROM, ile chipu ya kumbukumbu yenye kidirisha cha kioo, inayofutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Mashine ya kufutia sina, ila karatasi yake inasema jua kali la moja kwa moja huifuta kwa kama wiki moja. Leo ni siku ya tano iko darini kwetu Tudor, kando ya pilipili za mama. Njoo Jumamosi baada ya alasiri tuisome tuone kama imebaki na kitu. Waya uje nazo, zangu zimeisha.