Barua kwa mwanangu: neno alilopewa nyoka

Binti yangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema bosi ameliangalia bango ulilobuni, akaandika pembeni kwamba rangi zake ni "subtle", nawe umebaki na wasiwasi, kwa kuwa neno hilo mlilikuta shuleni kwenye Biblia ya Kiingereza, amebandikwa nyoka. Amekusifu au amekusema?

Amekusifu. Ana maana rangi zako hazipigi kelele. Kwenye picha uliyonitumia, kijani kilicho nyuma ya maandishi sikukiona mwanzoni, lakini ndicho kinacholishika bango zima. Wala usilifasiri neno hilo kuwa "hafifu". Kitu hafifu kimepungukiwa. Hiki kimetimia, ila kinataka jicho lililotulia.

Asili yake ni ufumaji. Walatini walisema "subtilis", na kwa maelezo yaliyozoeleka limetokana na "sub", yaani chini, na "tela", nguo iliyo kwenye kitanda cha mfumaji: uzi mwembamba kabisa, unaopita chini ya mtande, yaani nyuzi zilizotandikwa kwa urefu. Chukua kikoi chako, kisogeze dirishani, ukivute kidogo. Utaona mshindio, yaani uzi unaokatiza, unavyopanda juu ya uzi huu na kuzama chini ya ule. Kiachie, unaona nguo tu. Kutoka kwenye uzi, wembamba huo ukahamia kwenye tofauti, harufu na maneno, kisha kwenye akili inayopenya kila mahali. Akili hiyo ikikusudia mabaya, ndiyo hila.

Hapo ndipo anapoingia nyoka wako. Biblia ya King James ya mwaka 1611 inamwita "subtil". Ya Kiswahili inasema "mwerevu". Lakini fungua tafsiri ya Qur'ani kwa Kiingereza ya Pickthall, ya mwaka 1930, Surat Al-Mulk, aya ya 14. Jina la Mwenyezi Mungu Al-Latif, Mwenye kuyajua yaliyofichika kabisa, amelitafsiri kwa neno hilo hilo, akiliandika "Subtile". Nyoka na Muumba wake, neno moja! Kila nikilifikiria jambo hili mwili hunisisimka. Neno lenyewe linapima wembamba tu. Nia ni ya mwenye nao.

Halafu hiyo b usiitamke, maana najua sisi tumezoea kusoma kila herufi. Waingereza walilichukua neno kwa Wafaransa, waliokuwa wakisema "sutil", bila b. Baadaye waandishi wenye Kilatini chao wakairudisha b kwenye maandishi, lakini ulimi haukuifuata. "Debt" na "doubt" nayo yalitiwa b kwa njia hiyo hiyo. Sema "satol", inatosha.

Mjibu bosi leo, umshukuru, na rangi usizikoleze kwa woga. Mama yako anakusalimu. Bango likishachapwa tutumie moja kwa basi, tulione kwa ukubwa wake.

Baba yako