Pua inawasha, tumbo linaharishwa

SWALI: Dokta, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Nkuhungu, Dodoma. Nilihamia huku kikazi nikitokea Tanga. Tangu mwaka wangu wa pili hapa, kila ikifika Julai upepo ukianza, napiga chafya kuanzia alfajiri, macho yanawasha, na usiku pua inaziba hadi nalala mdomo wazi. Oktoba mwaka jana nilipimwa kwa mashine ya kushika mkononi, nikaambiwa utumbo wangu umejaa sumu na nina aleji ya maziwa, ngano, karanga na nyama ya ng'ombe. Nikauziwa unga wa kusafisha utumbo, dozi ya siku 21, shilingi 180,000, pamoja na sanamaki. Niliharisha sana, lakini siku ya tatu tu pua ilifunguka, na Desemba nikawa mzima kabisa. Mwaka huu imerudi. Nimeshanunua kopo la pili. Nasoma kwamba hata wanasayansi wanasema aleji inaanzia tumboni. Niendelee? Na mwanangu wa miaka miwili anapata mafua kila mara, nimpe kiasi gani?

JIBU: Marahaba, dada. Naanza na mtoto kwa sababu la kwake halisubiri: usimpe, hata ncha ya kijiko. Mtoto wa umri huo akiharishwa huishiwa maji na chumvi za mwili upesi sana. Mafua yake huenda ni virusi tu anavyoambukizwa na wenzake. Mtoto mdogo anaweza kuugua mafua mara sita hadi nane kwa mwaka na bado akawa hana tatizo lolote. Akikoroma au akikohoa usiku hadi anaamka, mlete aangaliwe.

Sasa wewe. Swali lako nalisikia karibu kila wiki vumbi la Dodoma linapoamka, kinachobadilika ni bei ya kopo tu. Na kinachoniudhi si kwamba wauzaji wanadanganya. Ni kwamba uongo wao wameushona kwa uzi wa kweli.

Uzi wenyewe ni huu. Sehemu kubwa ya askari wa kinga ya mwili wamepanga kwenye ukuta wa utumbo. Bakteria walioko utumbo mpana wanakula nyuzinyuzi za vyakula ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na katika kula kwao wanatoa vitu kama butireti, vinavyosaidia seli zinazotuliza kinga isishtuke hovyo. Mwaka 1989 daktari Mwingereza, David Strachan, alichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa mwaka 1958. Aliona kwamba aliyezaliwa akakuta kaka na dada wengi nyumbani hakuwa na mafua ya chavua (ule unga wa maua) kwa wingi kama mtoto wa peke yake. Baadaye ikaonekana Ulaya kwamba watoto waliokulia karibu na mazizi ya ng'ombe wanapata mzio, yaani aleji, kidogo kuliko wenzao wa mji. Hata kwetu hapa kati watafiti wamekuja: Wahadza wa bonde la Eyasi, ambao wengine wako Mkalama mkoani Singida, walichunguzwa, na mwaka 2017 ikachapishwa kwamba bakteria wa matumbo yao wanabadilika kati ya masika na kiangazi. Baadhi ya bakteria hao hupungua sana msimu mmoja, kisha hurudi msimu mwingine kulingana na kinacholiwa.

Kwa hiyo ndiyo, tumbo na mzio wanajuana. Lakini soma tena hayo yote kisha uniambie ni wapi imeandikwa mtu aharishwe. Utafiti unazungumzia kinga inayofundwa utotoni, na bakteria wanaolishwa miaka na miaka. Muuzaji amechukua sentensi "bakteria wa tumbo ni muhimu" akaigeuza kuwa "safisha tumbo", kinyume chake kabisa. Ni kama mtu aliyesikia kwamba ng'ombe wanahitaji malisho, akaenda kuchoma nyika.

Na hiyo sumu, ulishaambiwa jina lake? Nimewauliza wagonjwa wengi, hakuna aliyewahi kuniletea jina. Taka za damu zinashughulikiwa na ini na figo, bure, usiku na mchana. Sanamaki kazi yake ni kuuchokoza utumbo mpana ubane na kusukuma. Ni dawa halali ya choo kigumu kwa siku chache. Ukiinywa wiki tatu unapoteza maji na potasiamu, na ndiyo maana watu wanakuja wamelegea miguu, moyo unadundadunda. Zile kamba za utelezi unazoonyeshwa kwenye picha kuwa ndiyo "uchafu wa miaka" mara nyingi ni ute wa kawaida wa utumbo uliochanganyika na unga wenyewe, maana baadhi ya unga huo huvimba ukikutana na maji. Wanakuuzia kitu kisha wanakuonyesha kilekile kikitoka.

Mzio wako uko puani. Mwili wako umetengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya kitu kinachopeperuka, chavua au ukungu, na kingamwili hizo zimekaa juu ya seli ndani ya ngozi laini ya pua na macho. Kitu hicho kikigusa, seli zinamwaga histamini ndani ya dakika chache: chafya, maji, muwasho. Kwamba mwaka wa kwanza ulikuwa salama haishangazi. Kinga haizaliwi na chuki ya chavua ya Dodoma, inajifunza, na kujifunza kunachukua msimu mmoja, miwili au zaidi. Tena si kila chafya ya Dodoma ni mzio. Hewa kavu na vumbi la barabara ya udongo humchokoza hata asiye na mzio wowote.

Kuhusu ile mashine. Kushika chuma mkononi hakupimi mzio wa chakula, hakupimi utumbo, na kwa kadiri ninavyojua umeme, hakupimi chochote zaidi ya jinsi kiganja chako kilivyo na jasho. Fikiria mwenyewe: mzio wa maziwa hausubiri Julai. Ungekuwa nao, ungekupata hata Machi, muda mfupi tu baada ya kunywa, kwa kuvimba midomo, vipele au kutapika. Kama miaka yote ulikuwa ukila karanga, maziwa na nyama bila shida, rudi kula. Nimeona akina mama walioacha vyakula vinane kwa sababu ya karatasi ya mashine ile, wamebaki na ugali na chai ya rangi, halafu wanashangaa kizunguzungu.

Ukitaka kuwatendea mema bakteria wako, hapa hapa Dodoma pana kila kitu: ugali wa mtama au uwele usiokobolewa, mlenda, kunde, ubuyu, maziwa mgando. Vidonge vya probayotiki, yaani bakteria wazuri wa kumeza, vimejaribiwa kwa mafua ya mzio, majibu yanapishana, na nafuu ikionekana ni ndogo, sikuandikii. Ukipewa mgando na jirani, kunywa kwa sababu ni mtamu, usiutegemee uzibue pua.

(Kuna wanaoniuliza pia kama dawa ya minyoo inatibu chafya. Meza kwa ajili ya minyoo. Kule Gabon watoto wa shule waliotibiwa minyoo mara kwa mara ngozi zao ziliitikia zaidi kipimo cha mzio wa utitiri wa vumbi, kwa hiyo mambo ya tumbo na kinga si hesabu ya kujumlisha na kutoa.)

Tiba yako haihitaji 180,000. Suuza pua asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Maji ya bomba moja kwa moja hapana. Tumia dawa ya kupuliza puani, beklometasoni au flutikasoni, kila siku, ukielekeza ncha upande wa sikio badala ya katikati ya pua. Haizibui siku hiyohiyo. Ipe wiki mbili, na mwakani anza mwishoni mwa Juni kabla upepo haujakukuta. Siku mbaya ongeza setirizini au loratadini miligramu 10 mara moja kwa siku. Piritoni itakulaza kazini. Kama unanyonyesha au ni mjamzito, mwambie mfamasia kwanza. Na yale matone ya kuzibua pua papo hapo usivuke siku tano, la sivyo pua itaziba kwa sababu ya matone yenyewe.

Sasa narudi kwenye jambo moja katika barua yako lililonikosesha raha. Kupona Desemba kunaelezeka: dozi ilianza Oktoba, ikaisha Novemba, Desemba mvua ikanyesha, vumbi likalala. Mwenye sifa hapo ni mvua, ila mvua haina duka. Lakini pua iliyoziba miezi mitatu kufunguka siku ya tatu, hilo si la mvua wala la sanamaki. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi, ndani ya unga unaouzwa kama mitishamba mitupu, prednisoloni au deksametasoni iliyosagwa kimyakimya. Hizo ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili. Ile ya kupuliza puani nayo ni steroidi, lakini ni kidogo na inakaa puani. Iliyomo kwenye kopo inazunguka mwili mzima, na hujui unakula kiasi gani. Inapandisha sukari na presha, inavimbisha uso, inadhoofisha mifupa, na ukiizoea kwa wiki kadhaa kisha ukaacha ghafla, mwili unaweza kuanguka kwa sababu tezi zako zimesinzia. Wenzangu wa koti jeupe nao hawajasalimika: ile "sindano moja ya aleji ya msimu mzima" mara nyingi ni ndugu wa dawa hizohizo, na anayekuchoma bila kukupima sukari wala presha hana tofauti kubwa na muuza kopo.

Wala usidanganywe na neno "asili" au namba ya usajili iliyochapwa kwenye lebo. Namba mtu yeyote anaweza kuichapa. Uliza TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kama bidhaa hiyo wanaijua.

Ukisikia kifua kinabana, kinapiga filimbi au kikohozi cha usiku, usingoje jibu la barua, nenda hospitali siku hiyo, maana pua na mapafu ni njia moja na pumu hupenda kuja nyuma ya mafua ya mzio.

Kopo la pili, kama hujalifungua, mrudishie aliyekuuzia umdai hela yako. Kama umeshalianza na limezidi wiki tatu, usiache peke yako nyumbani: njoo nalo, tukupime presha na sukari, tupange namna ya kuliacha.