Shetland mwisho wa Agosti: anza na upepo, kisha ndio utafute ndege

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kuna ndege gani Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, wiki ya mwisho ya Agosti na ya kwanza ya Septemba, uwatafute wapi, na kama kweli baadhi yao ni hawa hawa wanaofika kwetu Afrika Mashariki. Nitajibu yote, na ndege wengi nitawataja kwa majina ya kisayansi ili uwakute kwenye kitabu chochote utakachobeba.

Kwanza usiende ukitarajia ile miamba iliyojaa ndege unayoiona kwenye picha. Picha hizo ni za Juni. Uria aalge na Alca torda, ndege wa baharini weusi kwa weupe wa miambani, huondoka na makinda yao Julai na mwanzoni mwa Agosti, pafini nao kufikia katikati ya Agosti wako baharini. Buabua wa Aktiki karibu wote wameshaanza safari ya kusini. Wanaobaki ni Morus bassanus, ndege wakubwa weupe wa baharini, ambao kwenye hifadhi za Noss na Hermaness bado wana makinda, na Fulmarus glacialis, wanaofanana na shakwe, ambao makinda yao yaliyonona hukaa kwenye kingo za miamba, hata chini ya kuta za mawe. Hao usiwasogelee: hutema mafuta yanayonuka vibaya, na nguo ikishapata hayo mafuta haitoki harufu. Stercorarius skua, ndege wakubwa wa kahawia wanaopora wengine chakula, bado wapo wachache, lakini mafua ya ndege ya mwaka 2022 yaliwapukutisha vibaya sana. Ukikuta mzoga usiuguse, na mbwa asiusogelee.

Kinachokupeleka Shetland msimu huu ni ndege wa safari, na hao huletwa na hali ya hewa. Huku pwani kwetu kusi na kaskazi hukaa miezi. Kule upepo unaweza kugeuka kati ya asubuhi na alasiri, kwa hiyo ramani ya hali ya hewa uiangalie kila jioni.

Ndege wadogo wengi husafiri usiku. Wanaruka kutoka Norway na Sweden baada ya jua kuzama, anga likiwa safi, wakielekea kusini au kusini-magharibi. Wakifika juu ya Bahari ya Kaskazini na kukutana na mawingu mazito, mvua au ukungu, wanapoteza mwelekeo, na upepo wa mashariki huwasukuma mpaka waone nchi kavu. Shetland iko zaidi kidogo ya kilomita 300 magharibi ya Norway, na kwa wengi ndiyo nchi kavu ya kwanza. Kwa hiyo unatafuta mambo matatu yaliyokutana: mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Scandinavia, upepo wa mashariki au kusini-mashariki unaovuka bahari yote, na mvua au ukungu unaofika visiwani kati ya alfajiri na mchana.

Wengi hukosea kwenye hilo la pili. Wanaona bendera ya Sumburgh, ncha ya kusini ya Shetland, inapepea kutoka mashariki, basi wanadhani mambo tayari. Fuata mistari ya isoba (ya mgandamizo sawa wa hewa kwenye ramani) nyuma saa 24 uone hewa hiyo imetoka wapi. Ikiwa imezunguka tu kutoka Atlantiki kupitia kusini ya Uingereza, haikubeba ndege wengi. Ikiwa imetoka Norway ya kusini, Denmark au Baltiki, amka mapema. Upepo mzuri wenye anga jeupe nao hauna faida kubwa, kwa sababu ndege wanaona njia na wanapita juu bila kutua. Na upepo ukizidi kilomita 50 kwa saa, ndege wapo lakini wamejibana chini. Hapo tafuta upande uliokingwa tu, kwingine unapoteza muda.

Siku ya mvua yenyewe anza kwenye rasi: Sumburgh Head na machimbo ya zamani ya mawe pale karibu, Grutness, Scatness. Ukiwa na muda wa kwenda kaskazini, Skaw na Norwick kule kisiwa cha Unst. Ndege waliochoka hushuka mahali pa kwanza wanapopaona, hata kama ni mwamba mtupu. Usifunge kazi saa 4 asubuhi, maana wengine huingia kutoka baharini mchana na alasiri. Siku ya pili wameshasogea ndani kutafuta chakula, kwa hiyo hamia kwenye bustani za Toab, mtaro wa Quendale, na vishamba vya shayiri, viazi na sukuma wiki. Miti ni michache mno Shetland. Shamba la miti la Kergord, lililopandwa mwanzoni mwa karne ya 20, ni pa kupita siku ya pili au ya tatu. Usiku ukiwa safi na upepo umetulia, wengi wanaondoka. Ukichelewa siku moja unaweza kukuta vichaka vitupu.

Namna ya kutafuta: mtaro mmoja uliokaguliwa vizuri unashinda mitaro mitano ya kupita haraka. Mkiwa wawili, mmoja azunguke kwa mbali mpaka mwisho wa mtaro asimame akitazama, mwingine aje polepole kutoka upande wa pili. Ndege akiruka, yule wa mwisho ataona alipotua. Tembea upande uliokingwa na upepo, kwa sababu wadudu wako huko na ndege wanawafuata. Kwenye majani marefu ya irisi za majini na kwenye mibigili, simama dakika 15 hadi 20 bila kusogea. Na sauti za kurekodi usicheze. Phylloscopus trochilus, ndege mdogo mla wadudu, ana gramu 8 au 9 tu, na aliyevuka bahari usiku kucha ameshachoma mafuta yake. Kila dakika anayotumia kukujibu ni dakika asiyokula.

Ndege ninayekushauri umtafute kuliko wote ni Curruca nisoria, ndege wa vichakani anayekula wadudu. Huyu huzaliana kuanzia Ujerumani ya mashariki na Poland mpaka Asia ya kati, na njia yake ya kawaida ni kusini-mashariki, kupitia Mashariki ya Kati hadi vichaka vikavu vya Afrika Mashariki, Tsavo ikiwemo. Wanaofika Shetland karibu wote ni wa mwaka wa kwanza, na wamekwenda upande wa kinyume kabisa. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba mwelekeo wa safari huzaliwa nao, na kwa baadhi ya makinda unageuka nyuzi 180. Pepo za mashariki zinamalizia. Kila Agosti hufika kadhaa, kwa hiyo hutegemei bahati kubwa.

Usitegemee michirizi ya kifuani wala jicho la njano. Hizo ni za ndege mzima. Kijana ana rangi ya mchanga iliyochanganyika na kijivu, jicho jeusi, mdomo mnene, miguu mikubwa ya kijivu, na mistari miwili hafifu myeupe kwenye bawa. Anafanya vurugu kichakani kwa uzito wake, matawi yanatikisika kabla hujamwona. Anayechanganywa naye ni Sylvia borin, wa jamii hiyo hiyo, ambaye ni mdogo zaidi, ana uso mpole wa mviringo na bawa lisilo na mistari wala kingo nyeupe. Ukipiga picha, lenga bawa lililokunjwa na manyoya ya chini ya mkia, maana hapo kuna alama hafifu za nusu mwezi. Msako wake ufanye kwenye vichaka vya mawaridi ya Rosa rugosa na kwenye mibigili.

Vichaka hivyo hivyo angalia Hippolais icterina, mla wadudu mwingine mdogo, na mbwigu kijana wa Lanius collurio. Mbwigu huyo naye ni mgeni wetu: vuli anapita Kenya na Tanzania akielekea kusini zaidi. Kama unataka kuona upande wa pili wa safari hizi, nenda Ngulia, Tsavo Magharibi, mwezi Novemba au Desemba. Tangu 1969 ndege huvalishwa pete pale usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, taa za hoteli zinapowashusha, na Acrocephalus palustris, ndege mdogo wa vichakani kutoka Ulaya na Asia ya magharibi, huongoza kwa wingi.

Upepo ukigeuka magharibi, achana na vichaka uende kwenye maji. Pool of Virkie, pembeni ya uwanja wa ndege wa Sumburgh, ifike saa mbili kabla ya maji kujaa. Maji yanapopanda huwasogeza ndege wa tope karibu nawe, yakijaa kabisa wanahama. Loch of Spiggie na Hillwell ziko mwendo mfupi kwa gari. Pepo za magharibi huleta ndege wa tope wa Marekani, hasa Calidris melanotos. Lakini Calidris ferruginea kijana, mwenye mdomo uliopinda, kifua cha rangi ya krimu na tumbo safi lisilo na michirizi, ni wa kwetu: wenzake hujaa Mida Creek, pwani ya Kenya. Phalaropus lobatus, ndege mdogo anayeogelea, usimfuate kisiwa cha Fetlar, ameshaondoka. Wa Scandinavia hupitisha baridi Bahari ya Arabu, mkabala na Oman, ila dume aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari huko Fetlar mwaka 2012 alionekana amevuka Atlantiki hadi Pasifiki, karibu na Ecuador na Peru.

Vifaa: darubini ya 8x42 inatosha, na kwa Virkie ongeza teleskopu. Stendi ifupishe ukae chini, la sivyo upepo utaitikisa. Feri ya Aberdeen hadi Lerwick ni usiku mzima, chukua na gari. Kisiwa cha Fair Isle, chenye kituo cha kuchunguza ndege tangu 1948, ndicho kitamu kuliko vyote, lakini ukungu husimamisha ndege ndogo za abiria na bahari mbaya husimamisha mashua, kwa hiyo acha siku mbili za akiba kabla ya safari ya kurudi.

Sheria ya Uskoti ya 2003 inakuruhusu kupita mashambani kwa adabu, ila bustani za nyumba na mazao yaliyosimama hayamo. Hapo gonga mlango uombe. Usipande kuta za mawe, zinabomoka. Zunguka mpaka getini, na geti liache ulivyolikuta.