Ada ya mkopo wa riba: binti yetu asome shule binafsi au ya serikali?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Tunaishi Temeke, Dar es Salaam. Binti yetu wa mwisho ametimiza miaka 6 na Januari anaanza darasa la kwanza. Mume wangu ni seremala, mimi nauza vitenge. Mume anataka tumpeleke shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Ada ni shilingi 1,600,000 kwa mwaka na gari la shule 450,000. Fedha hiyo hatuna, kwa hiyo anataka kuchukua mkopo wa milioni moja, arudishe milioni moja na laki mbili. Mimi naona aende shule ya serikali iliyopo mtaa wa pili, anaposoma kaka yake wa darasa la nne, ila huko darasa moja lina watoto zaidi ya 100. Wifi yangu anasema mtoto akienda kayumba tumemtupa. Ipo pia shule ya kanisa, ada yake nafuu. Je, tukimpeleka ya serikali tutakuwa tumekhini amana? Na mkopo huo unafaa?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, nianze na mkopo, maana hapo hapana cha kupima. Kukopa milioni moja kwa sharti la kurudisha milioni moja na laki mbili ni riba, iwe umekopa benki, kwenye kikundi cha mtaani au kwa simu. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 275, kwamba amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Nia njema ya kumsomesha mtoto haiigeuzi hukumu hiyo. Dharura inayoruhusu kilichokatazwa ni ya mtu aliyefungiwa njia zote, nanyi njia mnayo: shule ipo mtaa wa pili, na serikali haitozi ada katika shule zake za msingi. Mwambie mume wako kwa upole kwamba mlango huo umefungwa.

Hata deni lisilo na riba si jambo la kuliendea mbio. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba ndani ya Sala kinga dhidi ya deni. Akaulizwa mbona anaomba sana kinga hiyo, akajibu kwamba mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi asitimize. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Nilikuwa nikiisoma miaka mingi kabla ya kuiona kwa macho. Siku moja baada ya Alasiri nilikaa barazani na baba mmoja, mtu mwema, msalihina. Simu yake ikaita. Akaitazama, akaiacha iite. Ilipoita tena akamwita mwanawe wa miaka minane, akampa ile simu: "Mwambie baba hayupo." Aliyepiga alikuwa mhasibu wa shule anayosoma mtoto huyohuyo. Mtoto akasema alivyoambiwa, kwa sauti nyembamba, huku akinitazama mimi. Ada ile ilikuwa inalipwa ili mtoto apate malezi bora.

Kama bado mnaitaka sana shule binafsi, zipo njia za halali. Muombe uongozi wa shule mlipe kwa awamu. Mwaweza kukopa kwa ndugu mkopo wa kheri usio na nyongeza. Mwaweza pia kucheza mchezo, ule wa kila mmoja kutoa kiasi kilekile na kupokea kwa zamu, bila ziada. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameuruhusu. Ila someni fomu ya kujiunga mpaka mwisho. Ikiwa kuna sharti kwamba ukichelewesha ada deni linaongezeka kwa asilimia fulani, hiyo ni riba iliyoingilia dirishani, na mzungumze nao iondolewe kabla hamjatia saini.

Ama nani anayepaswa kulipa, gharama za mtoto ni juu ya baba, na kipimo chake kimo katika Suratut Talaq, aya ya 7: mwenye wasaa atoe katika wasaa wake, na aliyepungukiwa riziki atoe katika alichopewa, kwani Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa kadiri ya alichompa. Mume wako hataulizwa kwa nini hakulipa milioni mbili asizokuwa nazo. Fedha ya vitenge ni mali yako wewe, hulazimiki kuitoa. Ukiitoa kwa ridhaa yako una malipo mawili, ya sadaka na ya kuunga udugu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomjibu Zaynab, mke wa Ibn Mas'ud.

Sasa hilo la amana. Mtume (s.a.w.) amesema kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Angalia nani anayeulizwa. Mzazi akishampeleka mtoto shule ya ada kubwa huona amemaliza kazi, na mzazi wa shule ya serikali naye huona kazi ni ya serikali. Wote wawili wamekabidhi fimbo ya uchungaji kwa mtu mwingine. Kukhini amana ni kuacha kumfuatilia mtoto, na hilo linawezekana katika shule yoyote ile. Basi neno la wifi yako lisikutie simanzi. Watoto hawatupwi kwa kwenda kayumba.

Lakini sitakudanganya kuhusu idadi. Watoto zaidi ya 100 mbele ya mwalimu mmoja ni tatizo kubwa, na wa darasa la kwanza ndio huumia zaidi kwa sababu ndipo wanapojifunza KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto mpole anaweza kufika darasa la tatu akiwa anakariri ukurasa bila kuujua. Kwa hiyo nendeni mkaone, shule zote mbili, siku ya masomo, mchana. Msitazame rangi ya ukuta wala sare. Ombeni daftari la mtoto mmoja wa darasa la pili, wa kawaida, si lile wanalowatolea wageni. Lifungueni katikati. Mimi nimewahi kufungua daftari la shule ya ada nzito nikakuta kurasa nne za hesabu zina tiki nyekundu, na katika ukurasa mmoja 7 kujumlisha 5 ni 11, tiki, na chini yake "vizuri sana". Mwalimu hakusoma. Siku nyingine, katika shule ya serikali yenye madirisha yasiyo na vioo, niliona daftari ambalo mwalimu alikuwa ameandika upya herufi "g" mara tatu pembeni ili mtoto aifuatishe, na mstari uliofuata "g" ya mtoto ilikuwa imenyooka. Siwaambii kwamba ndivyo shule zote zilivyo, ila ukweli wa shule umo humo daftarini. Tazameni na vyoo, hasa kwa mtoto wa kike: maji yapo? Mlango unafungika? Twahara ya binti yenu inategemea hapo.

Na mkimpeleka ya serikali, upungufu wa darasani mtauziba nyumbani. Huyo kaka yake wa darasa la nne ni hazina. Kila baada ya Magharibi akae na mdogo wake nusu saa, amsomeshe kwa sauti, nanyi mkiwa hapo, televisheni imezimwa. Kiingereza kisiwatie hofu. Ni kweli sekondari masomo ni kwa Kiingereza, na si kosa mume wako kulifikiria hilo mapema. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa haja ya Waislamu, kwa hiyo lugha ya watu wengine haina ubaya wowote. Lakini mtoto aliyekwisha kujua kusoma kwa ufasaha lugha anayoiota usingizini ana pa kusimama akiianza ya pili.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko Kiingereza: muda. Muulizeni dereva gari linapita kwenu saa ngapi. Nina wanafunzi madrasa ambao gari huwachukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, wengine kabla hawajasali, na kuwarudisha saa kumi na moja jioni. Yupo binti mmoja, umri wa huyu wako, huja na sare yake bado mwilini. Akifika kwenye sura ya "Alam nashrah" sauti inaanza kufifia, shavu linashuka polepole mpaka linalala juu ya Juzuu Amma, na kidole bado kipo kwenye mstari. Simwamshi. Nitamwamsha nimwambie nini? Lakini mwaka umepita na hajatoka hapo. Shule ya mtaa wa pili ina maana binti yako ataamka kwa adhana, atasali na mama yake, atanywa uji, atakwenda kwa miguu na kaka yake, na Alasiri atakuwa na macho ya kuisomea Qur'ani. Hilo halimo kwenye karatasi ya ada, na mkae mkalipigie hesabu. Wala asiwashawishi mtu kuhusu bweni kwa umri huu. Serikali yenyewe ilizuia mwaka 2023 watoto wa awali hadi darasa la nne kulala bwenini bila kibali maalumu.

Kuhusu shule ya kanisa: kujifunza elimu yenye manufaa kwa mwalimu asiyekuwa Mwislamu hakukatazwi. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), kwamba mateka wa vita vya Badr waliokosa fidia, Mtume (s.a.w.) alifanya fidia yao iwe kuwafundisha watoto wa Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, kuandika. Na majirani zetu Wakristo wana shule nyingi zenye nidhamu na walimu wenye huruma, hilo tuliseme kwa haki. Hukumu inakaa kwenye ibada. Ikiwa mtoto atalazimishwa kushiriki ibada ya asubuhi, au atazuiwa hijabu na Sala, haifai kumpeleka. Ikiwa halazimishwi, asili yake inaruhusiwa, lakini mimi simshauri mzazi kwa mtoto wa miaka 6. Umri huo mtoto haitiki kwa hoja, anaitika kwa wimbo na kwa rafiki aliyekaa naye dawati moja. Babu zetu wengi, kwa hofu hiyohiyo wakati wa wakoloni, waliwazuia watoto shule kabisa, na jamii yetu ilibaki nyuma. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwahimiza Waislamu katika gazeti lake la Al-Islah la mwaka 1932 waishike elimu ya kisasa huku wameishika dini yao. Leo mna shule ya serikali inayoruhusu hijabu na yenye kipindi cha dini kwenye ratiba. Mara nyingi kinachokosekana ni ustadhi, kwa sababu hakuna anayemlipa nauli. Wazazi ishirini wa Kiislamu wakitoa 5,000 kila mmoja kwa mwezi, kipindi hicho kina mwalimu.

Kuhusu kaka yake: Mtume (s.a.w.) amesema, "Mcheni Allah na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu." Wanazuoni wametofautisha zawadi na matumizi, katika matumizi kila mtoto hupewa kwa kadiri ya haja yake. Kama kipato kingekuwa kimeongezeka mkampeleka mdogo shule ya ada, si dhuluma. Lakini kaka kukosa viatu kwa sababu fedha yote imeingia kwenye gari la shule la mdogo wake, hiyo ni dhuluma, na atakapokuwa mkubwa ataikumbuka.

Kwa hali mliyonieleza, naona shule ya serikali ndiyo iliyo karibu zaidi na salama ya dini yenu na ya nyumba yenu. Hata hivyo uamuzi ni wenu wawili. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amewataka baba na mama waridhiane na washauriane hata juu ya kumwachisha mtoto ziwa. Basi usimjie mume na jibu langu kama hati ya mahakama. Mwanamume anayetaka kuuza jasho la randa yake ili bintiye asome ana mapenzi makubwa, anza kwa kumshukuru. Mkimaliza kuzitembelea shule, salini rakaa mbili za Istikhara, yaani za kumwomba Allah awachagulie lililo la kheri, kila mmoja kwa nafsi yake. Msingoje ndoto, fuateni lile ambalo Allah amewarahisishia. Kisha mtafute cheti cha kuzaliwa cha mtoto mapema, mkamwandikishe kabla ya msongamano wa Januari, na siku hiyo umuulize mwalimu mkuu jina la ustadhi wa kipindi cha dini.

Wallahu aalam.