Mwanangu, kuhusu jukwaa na kamera

Mwanangu Tumaini,

Kamwene. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa jikoni karibu na jiko la mkaa, maana baridi ya Iringa mwaka huu imetushika kweli. Unasema umeitwa kwenye filamu huru, isiyo ya kampuni kubwa, na igizo lenu la muziki hapo Dar bado halijaisha. Unauliza: je, kamera itakuharibia jukwaa, na mimi nilivukaje?

Nilivuka bila kujiandaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo nilifika 1987, kikiwa na miaka 6 tu. Ngoma, sarakasi, kuimba, kuigiza, vyote tulifundishwa, mtu hachagui. Nilipoingia kikundi Dar, onyesho la usiku mmoja lilibeba kila kitu: ngoma, mazingaombwe, kichekesho, taarabu, kisha igizo lenye nyimbo. Tulifanyia kwenye kumbi za baa, chupa zinagongana. Ukitaka mama aliyekaa benchi la mwisho alie nawe, pumzi itoke tumboni na uso ufunguke wote. Nilifanya hivyo miaka 12.

Mwaka 2009 kijana mmoja akaniita kwenye filamu yake, tukaipigia Ilula, pembeni ya mashamba ya nyanya. Sini ya kwanza kupigwa ilikuwa ya mwisho katika hadithi. Asubuhi namzika mume wangu, jioni ndiyo tunajuana! Nikalia kilio kile cha ukumbini. Mwongozaji hakusema neno, akanionyesha tu kwenye skrini ndogo: uso umejaa kilio, macho hayana mtu.

Ukaja wimbo. Sauti nilikuwa nimesharekodi studio, kwenye kushuti wakaipiga kwenye spika ili nifuatishe kwa midomo. Midomo ilikwenda sawa, koo likalala. Kamera inaliona koo, mwanangu. Inaona kama kifua kimevuta pumzi au hakikuvuta. Teki ya tatu nikaimba kweli, kwa nguvu zangu zote, ingawa hakuna maiki iliyokuwa ikinichukua. Ndiyo waliyoitumia. Nawe wakikuwekea wimbo wa studio, imba.

Umenitajia Cynthia Erivo, yule mwigizaji na mwimbaji, binti wa wazazi wa Kinigeria aliyezaliwa London. Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, aliipata 2016 kwa igizo la muziki la Broadway, zile kumbi kubwa za New York, filamu ya Harriet ikaja 2019. Wewe umetazama tuzo. Mimi natazama yale maonyesho 8 kwa wiki ambayo ndiyo desturi ya Broadway. Mtu aliyeibeba hadithi nzima usiku baada ya usiku, mwanzo hadi mwisho, ukimletea vipande vilivyochanganywa hapotei, mwili wake unakumbuka hadithi inapandia wapi na inatulia wapi. Pale Ilula mimi kilichoniokoa ni hilo tu. Ule uso wa ukumbini niliupunguza kwa siku mbili.

Kwa hiyo maliza igizo kwanza. Mwombe mwongozaji wa filamu asogeze siku zako. Akishindwa, iache hiyo filamu, na najua itakuuma. Akikubali, chukua daftari, kila sini uandike saa moja kabla yake mhusika wako alikuwa wapi, na nani, amekula au hajala. Usiku wa kuamkia kushuti ulisome hilo.

Na malipo. Mimi niliahidiwa pesa filamu ikiuzwa. Ilionyeshwa, watu wakapiga makofi, pesa sikuiona mpaka leo. Yule kijana hakuwa mwizi, hakuwa nazo. Filamu hizi hujengwa kwa kuungaunga. Lakini nauli ya kurudi nilikopa kwa shangazi yako. Andikianeni nauli, chakula, pa kulala na fungu lako ikiuzwa, na sahihi ziwepo kabla ya siku ya kwanza.

Igizo likiisha njoo nyumbani, beba sweta. Tutapanda jiwe la Gangilonga asubuhi kabla jua halijawa kali. Utaniimbia ule wimbo wako wa pili, kwanza ukiutazama mji wote kule chini, halafu utanigeukia uuimbe tena mimi nikiwa nimekaa hatua mbili mbele yako.

Mama yako