Kabla hujagusa reguleta

Ndani ya wiki moja nimeletewa picha tatu za taimugrafa, mashine inayosikiliza mapigo ya saa ya mkononi na kuyaonyesha kwa namba na mistari, kutoka kwa vijana watatu tofauti, na swali lilelile kuhusu reguleta, kile kijimkono ndani ya saa cha kuiharakisha au kuichelewesha: "Kaka, nisogeze upande gani?" Hakuna aliyeniambia kama saa ilikuwa imejaa, yaani springi kuu imekazwa hadi mwisho. Hakuna aliyesema ililazwaje. Mmoja alikuwa ameshafungua kifuniko na bisibisi iko mkononi. Wadogo zangu, nawapenda, na najua hamu mliyonayo kwa sababu niliwahi kuwa nayo. Ndiyo maana naandika kabla hamjafika nilikofika.

1. Jaza saa hadi mwisho, iache itembee nusu saa, ndipo uipime. Weka kwenye mashine pembe sahihi ya mnyanyuo, yaani pembe ambayo balansi (gurudumu linaloyumba kwenda na kurudi) huzunguka inaposukumwa; kila aina ya mtambo wa saa ina yake: NH35 ni digrii 53, ETA 2824-2 ni 50, ETA 6497 ni 44. Mashine nyingi huja zimewekwa 52. Ukiiacha hivyo, sekunde kwa siku zitakuwa sahihi lakini amplitudi, yaani digrii ambazo balansi huyumba, itakudanganya.

2. Soma amplitudi kabla ya sekunde. Saa iliyojaa, uso ukitazama juu, ikikupa kati ya 270 na 300, endelea. Ikikupa 190, funga kifuniko. Hiyo inadai kuoshwa na kutiwa mafuta, na kuisogeza reguleta ni kujipa kazi isiyoisha: leo utapata sifuri, kesho springi kuu ikilegea kidogo namba zote zimehama.

3. Saa iliyoanza kukimbia ghafla, ishuku sumaku. Hapa nitakaa kidogo.

Mjomba wangu alikuwa na saa ya kujaza kwa mkono, mapigo 21,600 kwa saa, na kwa miaka hakuwahi kuilalamikia. Siku moja akanivulia mkononi: "Mpwa wangu, hii imeanza kunitangulia." Nikaipima. Ilikuwa inatangulia karibu dakika nne kwa siku. Nikamwambia akae tu, ni kazi ya dakika kumi.

Nikasogeza reguleta upande wa kupunguza. Ikapungua kidogo. Nikasogeza tena. Mistari kwenye skrini ilikuwa imetawanyika kama mchanga, na hilo peke yake lilitosha kunisimamisha, lakini macho yangu yalikuwa kwenye namba moja tu. Reguleta ikafika mwisho wa njia yake na saa bado inakimbia. Nikageukia mkono mdogo ndani ya saa unaoshika ncha ya heaspringi (springi nyembamba kama unywele inayoyumbisha balansi), mkono ambao haukuwa na kosa lolote. Tofauti ya mdundo, yaani kati ya muda wa "tik" na wa "tak", ikaruka kutoka chini ya milisekunde 1 hadi zaidi ya 4. Nikataka kuurudisha haraka, kwa sababu mjomba alikuwa nyuma yangu na dakika kumi zilishapita zamani. Bisibisi ikateleza.

Ncha iliingia chini ya daraja la balansi, bamba linaloishikilia, ikanasa heaspringi, nami nikaivuta juu. Balansi ikasimama. Mizunguko iliyokuwa imelala sambamba sasa ilikuwa imepandana, mmoja umejikunja hadi nje. Mjomba akauliza, "Tayari?" Sikumjibu.

Nilikesha usiku tatu na sindano mbili nikijaribu kuinyoosha. Kila nilipotoa kona moja nilizaa nyingine. Mwishowe nikaipeleka kwa fundi mzee. Kabla hata ya kuifungua aliweka dira juu ya meza na kuisogeza saa karibu yake. Sindano ikageuka. Akaniangalia, akauliza kama niliwahi kufanya hivyo. Kisha akanieleza: heaspringi ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hugandana, na iliyogandana ni sawa na iliyofupishwa, na springi fupi huiharakisha balansi. Dawa ilikuwa kifaa cha kuondoa sumaku na dakika moja. Badala yake ilihitajika balansi nzima mpya. Tena ilipofungwa, saa ikawa inachelewa kwa dakika kadhaa, kwa sababu reguleta ilikuwa bado kule mwisho nilikoisukuma.

Mjomba alisubiri wiki nyingi. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi: dira kwanza. Ukiondoa sumaku, bonyeza kitufe, ivute saa polepole hadi mkono unyooke, ndipo uachie. Ukiachia saa ikiwa bado karibu unaweza kuirudishia sumaku ileile. Na bisibisi zako pia zipitishe hapo.

4. Sogeza reguleta kwa kijiti cha mti kilichochongwa, si chuma. Sogeza kiasi usichokiona kwa macho, kisha subiri mistari itulie. Tofauti ya mdundo ikiwa chini ya milisekunde 0.8, iache. Kuifukuzia sifuri ndiko kunakowapeleka wengi kwenye heaspringi.

5. Pima mikao mitano, yaani namna tano za kuilaza saa, si ule mmoja unaokufurahisha. Uso juu sekunde +4 na krauni (kitufe cha kujazia) chini −12 si saa iliyorekebishwa. Hata COSC, taasisi ya Uswisi inayothibitisha usahihi wa saa, hupima mikao mitano kwa siku 15 na kukubali wastani wa −4 hadi +6, kwa hiyo usijitese kwa sekunde 3. Ukishafunga, ivae siku nne au tano na uandike tofauti kila asubuhi wakati uleule. Mkono wako ndio mkao wa sita, na ndio wenye uamuzi. Ikibaki inatangulia kidogo, ilaze usiku katika mkao unaoichelewesha.

Nyie watatu: nileteeni amplitudi ikiwa imejaa, amplitudi baada ya saa 24, tofauti ya mdundo, mikao yote mitano, na sindano ya dira ilifanya nini. Wewe uliyekwisha kufungua, weka bisibisi chini kwanza.