Kifuko cha nyongo kilishatolewa, mbona maumivu yamerudi?

Ukishatolewa kifuko cha nyongo, maumivu yoyote yanayokuja baadaye hubatizwa vidonda vya tumbo. Mimi nilimeza omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, miezi na miezi, pilipili nikaacha, lakini nikila supu ya ng'ombe au chipsi mayai, usiku hakulaliki. Maumivu yalikaa pale pale chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani. Aliyewahi kuugua mawe ya nyongo hayasahau.

Kilichonisaidia zaidi ni karatasi. Unaporuhusiwa hospitalini unapewa maelezo mafupi tu: umepasuliwa, unaendelea vizuri. Omba ripoti ya upasuaji yenyewe, ile ambayo daktari huandika alichokikuta tumboni na alichokifanya. Ni haki yako kuiomba, hata ukiambiwa faili halionekani. Yangu ilisema wazi: kifuko kilikuwa kimevimba na kugandamana na viungo vya jirani, kwa hiyo sehemu ya shingo yake, pale kinapoungana na mrija wake, imeachwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Usikimbilie kumlaumu daktari kwa kuiacha. Shingo ya kifuko iko jirani mno na mrija mkuu wa nyongo, na kuujeruhi huo ni balaa kubwa zaidi. Mimi nalalamikia ukimya, maana kipande kilichobaki kinaweza kuwa na mawe hata miaka baadaye, na mgonjwa asiyejua atazungushwa tu.

Utrasaundi yangu ya kwanza iliandikwa "kifuko kimeondolewa", basi. Nenda na ripoti mkononi ili mpimaji ajue anatafuta nini. MRI ya mirija ya nyongo huonyesha vizuri zaidi, ingawa bei yake inauma. Ulizia bima kwanza. Jiwe likiwa limeshukia mrija mkuu, mara nyingi hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Likiwa ndani ya kipande kilichobaki na linakusumbua, kwa kawaida ni kupasuliwa tena.

Upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu ya makovu. Muulize daktari bila aibu kama amezoea kazi hiyo. Nami nilisaini mapema kwamba wangeanza kwa matundu madogo, ikishindikana wafungue tumbo.

Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, au homa ikaja na kutetemeka, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.